Mtoto ameanza kujiita "hili": maneno makali yanamfanya nini mtoto mwenye ulemavu?

Mama Mdogo, Newala

Ndugu zangu, naomba mnisome kwa utulivu. Jambo hili nimelibeba tangu msimu wa korosho, na hapa nyumbani sijapata wa kumweleza bila kuonekana ninamvunjia heshima kaka yangu.

Ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu, mvulana wa miaka tisa mwenye utindio wa ubongo. Dada alikaa na uchungu tangu alfajiri hadi usiku wa siku ya pili, na mtoto alipotoka hakulia. Mkono na mguu wake wa kulia vimekaza, anatembea kwa kuvuta mguu, na maneno yanamtoka mazito kiasi kwamba mgeni hawezi kumwelewa, ingawa sisi tuliomzoea tunamwelewa vizuri. Anajua siku za gulio, anatambua mlio wa pikipiki ya kila jirani, na ukimtuma dukani akachukue chumvi anakuletea chumvi na chenji yako kamili. Naeleza haya ili ijulikane mapema kwamba anaelewa kila kinachosemwa.

Mjomba wake, yaani kaka yangu mkubwa, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada zake, hajawahi kumpiga. Sare ananunua, daftari ananunua. Lakini hamwiti kwa jina. Husema, "Lipeni chakula hilo." Husema, "Liondoeni hapa, wageni wanakuja." Malipo ya korosho yakiingia na hesabu zikifanyika pale barazani, husema mbele ya mtoto kwamba hili linakula tu na halitakuja kuleta hata gunia moja. Nikimwambia kwamba mtoto anasikia, hunijibu kwamba mtoto hana anachokielewa, na kwamba yeye anatania tu. Watoto wengine wa nyumbani wameshaiga.

Siku moja ya mwezi Novemba tulikaa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba tukinyofoa korosho kwenye mabibo. Yeye hulibana bibo katikati ya magoti, kisha anaisokota korosho kwa mkono wa kushoto mpaka inatoka, na siku hiyo alijaza ndoo ndogo peke yake. Nikauliza kwa sauti ya furaha ili wenzake wasikie, "Nani amejaza ndoo hii?" Akainama, akasema polepole, "Hili." Nilidhani alitaka kusema "hii", akimaanisha ndoo. Nikauliza tena. Akaweka mkono wa kushoto kifuani kwake, akarudia, "Hili."

Tangu siku hiyo nimeanza kuhesabu mambo ambayo nilikuwa nikiyapita. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani akiwa na miaka sita, sasa amerudia. Akisikia pikipiki ya mjomba wake anaingia chumba cha ndani. Wakila pamoja, mkono unakaza zaidi na uji unamwagika, ilhali akila na mimi peke yangu haumwagiki hivyo. Asubuhi nyingine anakataa kwenda shule na hasemi kwa nini.

Naomba kuuliza: maneno peke yake yanaweza kumrudisha mtoto nyuma kiasi hiki, au ni ulemavu wenyewe unaoongezeka? Na mimi, ambaye ni mdogo kwa kaka yangu, niseme naye vipi?

Mwalimu wa Kitengo, Masasi

Mama mdogo, pole sana, na ahsante kwa kueleza kwa makini namna hii. Ninafundisha katika kitengo cha elimu maalumu kwa miaka mingi sasa, na nitajibu nikianzia kwenye swali lako la kwanza.

Utindio wa ubongo unatokana na jeraha la ubongo lililotokea kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na uchungu wa muda mrefu ulioueleza, pamoja na mtoto kutolia, ni miongoni mwa mazingira ambamo jeraha hilo hutokea. Jeraha lenyewe haliongezeki. Kwa hiyo mtoto mwenye hali hii anapopoteza jambo alilokuwa amelimudu, ni lazima tutafute sababu nyingine. Anza hospitalini, kwa sababu kukojoa kitandani kunaweza kutokana na maambukizi ya njia ya mkojo, na mtoto ambaye misuli imemkaza anaweza kuwa na maumivu ya nyonga asiyoweza kuyaeleza. Usiache hatua hiyo hata kama moyoni umeshajua chanzo.

Hata hivyo, ulichokiona mezani si cha kubahatisha. Kwa watoto wengi wenye misuli iliyokaza, hofu na fadhaa huifanya misuli ikaze zaidi. Mjomba anapoingia, mwili wa mtoto unajihami, mkono unakakamaa na kijiko kinapinduka. Uji unapomwagika anaambiwa neno jingine, na neno hilo linaukaza mkono kwa mlo unaofuata. Anayetazama kwa nje anaona mtoto mzembe, kumbe anatazama hofu ikifanya kazi ndani ya misuli. Kwa ulimi ni vivyo hivyo, maana nao ni msuli: mtoto aliyekuwa akipambana kutoa sentensi ya maneno matatu, akishaogopa, hatoi hata moja.

Sasa neno "hili". Nimelisoma mara tatu nikashindwa kuendelea na kazi. Lugha yetu ina namna ya kuumiza isiyohitaji tusi. Kwa Kiswahili mbuzi anakula, kuku anakula, hata mende tunasema anapita. Wanyama wote, hata wadudu, tumewaweka pamoja na mtu. Mtoto anayeambiwa kwamba "linakula" ameondolewa katika kundi hilo na kuwekwa pamoja na jiwe na gogo, na kwa kuwa hakuna tusi lililotamkwa, hakuna mtu mzima pale barazani anayeshtuka. Mtoto ameshtuka. Amejifunza sarufi hiyo barabara, na ameitumia kwa usahihi juu yake mwenyewe.

Niongeze jambo moja kuhusu majina, kwa sababu watu huniuliza sana. Wapo wanaodhani kwamba tatizo litakwisha tukibadilisha msamiati. Kuyaacha maneno kama "zezeta" na "taahira" ni wajibu, sina ubishi na hilo. Lakini viziwi wenyewe wamelishika neno lao, na chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, wala hakuna anayedhalilika hapo. Neno hupata sumu kutokana na anayelitamka, analolikusudia na nafasi ya anayeambiwa.

Usidhani kwamba ni nyumba yenu tu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban robo ya vijana wa miaka 13 hadi 24 walifanyiwa ukatili wa kihisia na mtu mzima kabla ya kutimiza miaka 18, na hao ni watoto wote kwa jumla. Kwa upande wa watoto wenye ulemavu, uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2012 ulikuta kwamba uwezekano wao wa kufanyiwa ukatili ni takriban mara 3.7 ya watoto wasio na ulemavu. Mtoto asiyeweza kusimulia alichoambiwa ni mwepesi kuonewa.

Nyumbani, mwite kwa jina lake mara nyingi kuliko ilivyo kawaida, hasa mbele ya watu. Akijiita "hili", usimkemee, maana atadhani amekosea tena. Mjibu kwa sentensi iliyo sahihi: "Ndiyo, wewe ndiye uliyejaza ndoo." Akianza kusema, msubiri amalize, hata kama chai inapoa.

Baba Watatu, Tandahimba

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini nina wasiwasi na mwelekeo huu. Mjomba anayenunua sare na daftari ni mjomba anayewajibika. Dunia haitambembeleza mtoto huyu. Akienda sokoni ataambiwa maneno, akienda shule atachekwa, na akizoezwa kulindwa kwa kila neno atakuja kuvunjika atakapokuwa peke yake. Mimi mwenyewe nilikuzwa kwa maneno makali na nimesimama. Nasema hivi kwa kumtakia mema.

Kijana wa Mnazi Mmoja, Lindi

Shikamoo mama mdogo, na shikamoo Baba Watatu. Ninaomba kujibu kwa sababu mimi nilikuwa mtoto huyo, na sasa nina miaka ishirini na minane. Nina utindio wa ubongo upande mmoja kama yeye. Msimu wa korosho ninaandika stakabadhi katika ghala, kwa mkono wa kushoto.

Baba Watatu, hoja yako niliisikia sana utotoni, na ninaamini kwamba wengi walioitoa walinipenda. Naomba tu ulitazame jambo moja. Wewe ulipoambiwa maneno makali nyumbani, ulitoka nje ukakuta wenzako wanaokuchagua kwenye mpira, ukamkuta mwalimu anayekutuma, ukamkuta jirani anayekusifu kwa kukata kuni. Neno la baba lilikuwa moja kati ya mengi. Mtoto mwenye ulemavu akitoka nje anakutana na neno lile lile alilolisikia ndani, kwa hiyo hana mahali pa kujifunzia kwamba neno lile ni la uongo. Nyumbani ndipo mahali pekee ambapo angeweza kuambiwa vingine. Ukali wa nyumbani haumwandai kuikabili dunia. Unamthibitishia kwamba dunia inasema kweli.

Nilipokuwa darasa la pili, mwalimu mmoja alizoea kuniita mzigo mbele ya darasa. Nilishajua kusoma, kwa kuwa babu alinifundisha kwa kutumia magazeti ya kufungia vitu, lakini nilijifanya sijui ili nisiitwe kusimama na kusoma kwa sauti. Nilirudia darasa kwa kujifanya huko. Watu walihitimisha kwamba akili yangu ni nzito, nami nikawaacha waamini hivyo, kwa sababu kudharauliwa ukiwa umekaa ni afadhali kuliko kuchekwa ukiwa umesimama. Hadi leo, mtu akiita jina langu kwenye foleni, kabla sijageuka mwili unasubiri kicheko.

Lakini hicho sicho kilichoniumiza zaidi, na ndiyo sababu hasa ya kukuandikia. Mama yangu alinipenda sana, ila alinipenda kwa siri. Baba mkubwa aliponitolea maneno pale uani, mama aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua mchele, kisha usiku akaja kunikumbatia na kulia. Sasa ninaelewa kwamba aliogopa, na kwamba hakuwa na pa kwenda. Nilipokuwa mtoto nilifikiri hivi: mama hasemi uongo, mama amenyamaza, basi lililosemwa ni kweli. Machozi yake ya usiku hayakuweza kuufuta ukimya wake wa mchana.

Kwa hiyo, mama mdogo, utakayomwambia kaka yako faraghani mkiwa wawili ni mazuri na uyaseme, lakini mtoto hatayasikia. Sema jambo moja mbele yake, papo hapo, kwa heshima zote, bila kugombana. Mjomba akisema "lipeni chakula", wewe jibu, "Ndiyo kaka, ninampa mwanangu chakula." Hakuna kaka anayeweza kusema kwamba umemtukana. Na mtoto atakuwa amesikia.

Mama wa Mikindani

Nimesoma nikiwa ninatetemeka, kwa sababu nyumbani kwangu mjomba huyo ni mimi. Mwanangu ana usonji. Hazungumzi kwa kujibu, bali hurudia alichosikia, wakati mwingine baada ya siku nyingi, kwa sauti ile ile ya aliyesema. Mwaka jana tulikuwa arusini, watu wamekaa kwenye mikeka, pametulia kabla ya chakula kuletwa, naye akasema kwa sauti kubwa, "Umenichosha! Hivi nilikukosea nini mimi?" Ilikuwa sauti yangu kabisa, na pumzi yangu ya mwisho wa sentensi ilikuwemo. Wanawake wote wakanitazama.

Sikuwa mama katili. Nilikuwa ninalala saa tatu kwa usiku, sina wa kumwachia hata niende kuoga. Siku hizi dada yangu humchukua Jumamosi, na ninaona kwamba ninapopumzika, maneno yale hayanijii. Bado anayarudia yale ya zamani. Kila akiyarudia humshika mkono na kumwambia kwamba mama alikosea, ingawa sijui kama yanamfikia.

Mama mdogo, naomba nikuulize bila kumtetea kaka yako: je, alimlilia dada yenu?

Mzee wa Nachingwea

Mwanangu, kaka yako amesema anatania, na mimi hapo nina neno, kwa kuwa utani ni mali yetu huku kusini na hatupaswi kuuacha utumike kufunika mambo ambayo si utani.

Utani una masharti. Mtani ni mtu ambaye naye ana haki ya kunijibu, tena anijibu kwa kunizidi, na watu wakacheka upande wangu. Mtani wangu anaweza kuja msibani kwangu akafunga njia mpaka nitoe fedha, nami sitakasirika, kwa sababu kesho nitafanya hivyo kwake. Palipo na utani pana mizani. Mjomba kwa mpwa wake si mtani, ni mlezi, na anayeweza kumtania mtoto huyo kwa desturi ni babu au bibi yake. Tena mtoto ambaye ulimi wake haumwezeshi kujibu, hata babu hana ruhusa ya kumtania kwa jambo asiloweza kulijibu. Mwambie kaka yako kwamba mzee mmoja wa Nachingwea ameuliza: mtoto huyo alikujibu nini?

Usiende peke yako. Mamlaka ya mjomba yanatoka kwa dada zake na mama zake, hakuyapata penginepo. Kama yupo mama mkubwa au bibi aliye hai upande wa mama yenu, akae yeye, aite, na wewe uwe pembeni. Maneno hayo hayo yakitoka kwake hayatakuwa utovu wa adabu.

Afisa Ustawi wa Jamii, Mtwara

Naongeza kwa kifupi upande wa sheria, kwa sababu wengi wanadhani kwamba bila kipigo hakuna kosa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto kwa namna ya kumdhalilisha, inakataza kumbagua kwa sababu ya ulemavu, na inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki wajibu wa kuzifikisha kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haina malipo.

Taarifa kama hii inapotufikia, hatua ya kwanza kwa kawaida ni mazungumzo na familia, si kumpeleka mtu mahabusu. Nalisema hilo kwa makusudi, kwa sababu hofu ya kumfunga ndugu ndiyo inayowafanya watu wanyamaze. Ushauri wa mzee wa Nachingwea ni mzuri na uanze nao. Lakini kama mtoto ataanza kujiumiza, kugoma kula au kusema kwamba anataka kufa, kwa maneno au kwa ishara, usisubiri kikao cha ukoo.

Mama Mdogo, Newala

Ahsanteni sana. Nimekaa siku kumi na moja bila kuandika kwa sababu nilitaka nirudi na la kusema.

Nilikwenda kwa mama mkubwa, naye akaja Jumapili. Aliyasema yote akiwa amekaa mkekani, bila kupandisha sauti, na lile swali la mzee kuhusu mtoto alijibu nini aliliuliza kama lilivyo. Kaka hakujibu. Aliinuka akaenda shambani, wala chakula cha mchana hakula. Mama wa Mikindani, hapana, hakumlilia. Ndiye aliyekwenda kutafuta gari usiku ule wa uchungu, na alichelewa kulipata. Dada alipokuja kufariki miaka minne baadaye, kaka ndiye aliyesimamia kaburi, na tangu hapo hajalitaja jina la dada hata mara moja. Sikuwahi kuyaweka mambo haya mawili pamoja mpaka uliponiuliza.

Nimeanza kusema "mwanangu" mbele yake, kama ulivyonishauri, kijana wa Lindi. Mara ya kwanza sauti ilinikauka.

Juzi jioni umeme ulikatika. Kaka alikuwa anatafuta tochi, na mtoto alikuwa karibu na mlango. Nikamsikia kaka akiita jina la mtoto, jina kamili alilopewa na mama yake. Mtoto hakugeuka. Hakujua kwamba ndiye anayeitwa. Kaka akaita tena, na mimi kule jikoni nikawa nimesimama na mwiko mkononi. Mara ya pili akageuka, akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kuitoa tochi pale chini ya kiti anapoihifadhi. Kaka aliipokea, hakusema lingine.

Kitandani bado anakojoa. Alhamisi tunakwenda hospitalini kupima mkojo na kuangaliwa nyonga. Mwalimu, naomba nikuulize: ni vizuri nimweleze daktari mambo ya nyumbani mtoto akiwa anasikia, au niombe atoke kwanza?

Mwalimu wa Kitengo, Masasi

Mama mdogo, habari za mkojo na nyonga zieleze akiwepo, na daktari amuulize yeye kwanza panapomuuma, ampe muda wa kujibu. Habari za mjomba zieleze akiwa nje na mtu anayemwamini. Na kabla hamjaondoka nyumbani, mweleze safari yenyewe: mnakwenda wapi, nani atamshika, na kwamba wewe utakuwa chumbani naye wakati anapimwa.